Hatua 2.9, Lakini kwa Nani?

Namba yenyewe ilikuwa 2.9. Niliiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara, halafu nikalala saa nane usiku kwa raha zote za mtu aliyemaliza kazi. Ulikuwa muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu. Wenzangu bumu limekata na bado wanakimbizana na watu wawajazie madodoso, mimi jibu ninalo mkononi, tena jibu zuri.

Utafiti wangu ulikuwa rahisi kuueleza hata kwa bibi yangu kule Songea. Nilichukua darasa la mwaka wa kwanza la idara yetu, watu 60, nikawauliza swali moja: "Ukizidiwa na homa usiku wa manane, kati ya wenzako wa darasa hili ungemwita nani?" Kila mmoja aliruhusiwa kutaja watu wasiozidi watatu. Ili nisijue nani ni nani, kila mwanafunzi alikuwa na namba, watu waliandika namba badala ya majina, na orodha yenye majina ilibaki kwa CR wao. Mimi nilipokea fomu zenye namba tu.

Kwenye kompyuta kila mwanafunzi akawa nukta. Ukimtaja mwenzako, mstari unachorwa kati yenu, na sikujali nani kamtaja nani. Picha ya namna hiyo wataalamu wanaiita grafu. Mkiunganishwa na mstari, mko hatua moja. Rafiki wa rafiki yako yuko hatua mbili. Unatafuta njia fupi kuliko zote kati ya kila watu wawili, unahesabu hatua, unajumlisha, unagawanya, unapata wastani wa urefu wa njia. Kompyuta ikanipa 2.9, nami nikaandika kwenye muhtasari: "Kila mwanafunzi wa darasa hili yuko, kwa wastani, chini ya hatua tatu kutoka kwa mwenzake yeyote."

Sentensi tamu. Ndiyo iliyoniponza.

Ingekuwa imeishia kwa msimamizi wangu, aibu ingekuwa ya watu wawili. Lakini wakati huo kamati ya ustawi ya serikali yetu ya wanafunzi ilikuwa inajiandaa kukutana na uongozi kuhusu mpango wa kaka na dada walezi. Mnaukumbuka: kila mwanafunzi mpya anakabidhiwa kwa mtu wa mwaka wa pili au wa tatu wa kumjulia hali. Mpango ule ulikufa kimyakimya, na kamati ilitaka kujua kama kuna haja ya kuufufua. Mjumbe mmoja aliniomba vinamba viwili vitatu. Nikampa 2.9. Kulipokucha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake mtu kaandika: "Kumbe hawa madogo ni familia moja. Walezi wa nini tena?" Vidole gumba vikamiminika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona utafiti wangu unasomwa.

Siku mbili baadaye niliingia ofisini kwa msimamizi wangu. Shikamoo, marahaba, kaa. Alikuwa ameshika rasimu yangu na amepiga mstari chini ya maneno mawili tu.

"Binti, hapa umeandika 'kila mwanafunzi'. Yupi?"

"Wote, Dokta. Wote 60."

"Umeichora picha?"

Sikuwa nimeichora. Nilikuwa na namba, picha ya nini? Akanisogezea kompyuta yake, nikaichora hapohapo mbele yake, na ikatokea pole pole kwenye skrini. Haikuwa mtandao mmoja. Vilikuwa visiwa.

Kisiwa kikubwa kilikuwa na watu 34. Cha pili kilikuwa na 9. Cha tatu 5. Halafu kulikuwa na vikundi vitatu vya watu wawili wawili, kila mmoja kamtaja mwenzake na hakuna mwingine anayewajua. Na pembeni kabisa ya skrini, zimetawanyika kama punje za mtama zilizodondoka nje ya ungo, nukta sita zisizo na mstari wowote. Visiwa 12 kwa jumla.

"Sasa niambie," Dokta akasema, "kutoka kwa huyu hapa," akaweka kidole kwenye nukta moja ya pembeni, "mpaka kwa huyu wa kule katikati, ni hatua ngapi?"

Nikanyamaza. Hakuna hatua. Hata ukitembea mwaka mzima hufiki, kwa sababu njia haipo. Katika hisabati umbali huo husemwa kuwa hauna mwisho. Wanahisabati wana hata mchezo wa kuhesabu mtu yuko hatua ngapi kutoka kwa Paul Erdős, Mhungari aliyeandika makala na watu wengi mno. Ukiwa uliandika naye una namba 1, ukiwa uliandika na aliyeandika naye una namba 2, na kama hakuna njia yoyote ya kufika kwake, namba yako inahesabiwa kuwa haina mwisho.

Sasa jaribu kuingiza umbali usio na mwisho kwenye wastani. Hata jozi moja tu ikiwa hivyo, wastani wote unakuwa hauna mwisho. Kwa hiyo kompyuta yangu ilifanya nini hata ikanipa 2.9? Ilifanya kitu cha kistaarabu kabisa na cha hatari kabisa. Iliwaruka.

Hili nataka tulielewane vizuri, maana najua kuna wenzangu wanaosoma hapa ambao wiki ijayo watabofya kitufe hichohicho. Mimi nilitumia igraph ndani ya R. Kwa mipangilio yake ya kawaida, igraph ikikokotoa wastani wa umbali inahesabu zile jozi zenye njia tu na kuziacha nyingine bila kelele. Ukitumia NetworkX ya Python, yenyewe inagoma na kukuambia grafu yako haijaunganika. Zamani ningeona ile inayogoma ndiyo mbovu. Siku hizi naiheshimu kama mzee anayekukatalia kitu mbele ya watu ili usije kuumbuka mbele ya wengi zaidi.

Tukakaa na Dokta tukahesabu kwa mkono. Watu 60 wanatoa jozi 1,770, yaani 60 mara 59, gawanya kwa mbili. Kisiwa cha watu 34 kina jozi 561. Cha watu 9 kina 36. Cha watu 5 kina 10. Vikundi vitatu vya wawili wawili vinatoa jozi 3. Nukta sita za pembeni hazitoi kitu. Jumla ni jozi 610.

Jozi 610 kati ya 1,770. Asilimia 34. Jozi nyingine 1,160 hazina njia, na wastani wangu haukuzigusa hata kidogo. Tena kati ya hizo 610, jozi 561 zilitoka kisiwa kimoja, ambacho chenyewe kilikuwa na wastani wa hatua 3.0. Kwa maneno mengine, nilikwenda kuwauliza watu 60, nikasikiliza wale 34, halafu nikatangaza kwamba darasa zima limesema.

Dokta hakunigombeza. Alichukua karatasi akanichorea watu sita waliokaa kwenye benchi la kituo cha daladala, kila mmoja anamfahamu jirani yake tu. Nikahesabu: jozi tano ziko hatua moja, nne hatua mbili, tatu hatua tatu, mbili hatua nne, moja hatua tano. Jumla ni hatua 35 kwa jozi 15. Wastani 2.33.

"Sasa wale wawili wa katikati wamegombana," akasema, akafuta mstari wa katikati. "Hesabu tena."

Yamebaki makundi mawili ya watu watatu. Kila kundi lina jozi mbili za hatua moja na jozi moja ya hatua mbili, jumla hatua nne kwa jozi tatu. Wastani 1.33.

Niliangalia ile namba kwa muda. Watu wamegombana, benchi limekatika vipande viwili, na wastani umekuwa bora. Dokta akaurudisha mstari wa katikati, akafuta mingine mpaka wakabaki wawili wawili. Sasa kila aliye na njia yuko hatua moja tu na mwenzake. Wastani 1.0. Huwezi kupata namba nzuri kuliko hiyo. Ndiyo kusema kwamba ukitaka darasa lako lionekane limeshikamana, unaweza kulivunja vipande vipande, na kompyuta itakupongeza.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa la aina gani. Hesabu ilikuwa sawasawa, hakuna desimali iliyokosewa. Lakini wastani wa urefu wa njia, kwenye grafu iliyokatika, unajibu swali hili: "Kwa wale ambao tayari wana njia ya kufikiana, njia hiyo ni ndefu kiasi gani?" Mimi nililichukua kama jibu la swali lingine: "Je, watu wanafikiana?" Na kamati ilikuwa inauliza hilo la pili.

Dawa zipo. Moja walioandika juu yake ni Vito Latora na Massimo Marchiori, mwaka 2001, nayo inaitwa ufanisi wa mtandao. Badala ya kujumlisha umbali, unajumlisha moja gawanya kwa umbali. Aliye hatua moja anatoa 1, aliye hatua mbili anatoa nusu, aliye hatua nne anatoa robo. Na asiyefikika anatoa sifuri. Haumuachi nje, na wala haumruhusu alipue hesabu nzima. Halafu unagawanya kwa jozi zote, zenye njia na zisizo na njia. Jaribu kwenye benchi letu: kabla ya ugomvi ufanisi ni 0.58, baada ya ugomvi ni 0.33, wakibaki wawili wawili ni 0.20. Safari hii hali ikiharibika na namba inaharibika nayo. Darasa langu lilipata 0.15, wakati kile kisiwa kikubwa peke yake kilikuwa na 0.42.

Nilijifariji kwamba siko peke yangu kwenye mtego huu. Mtaani tunasema watu wote duniani wako hatua sita kutoka kwa mwingine yeyote. Chanzo kimojawapo cha msemo huo ni majaribio ya Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1960. Watu wa Nebraska na Boston waliombwa kufikisha folda kwa dalali wa hisa aliyefanya kazi Boston, kwa kumpa mtu wanayemfahamu ambaye huenda yuko karibu zaidi naye, naye ampe mwingine, mpaka ifike. Katika ripoti aliyoitoa pamoja na Jeffrey Travers mwaka 1969, walioanza walikuwa watu 296. Zilizofika ni 64. Watu wa kati walikuwa 5.2 kwa wastani, lakini kwa hizo 64. Zile 232 ambazo hazikufika hazimo kwenye ile 5.2 tunayoipenda. Huenda nyingi zilikwama kwa sababu mtu alichoka tu au alipuuza, si kwamba njia haikuwepo. Lakini hilo nalo ni jambo: njia iliyopo ambayo hakuna anayeipita inakusaidia nini saa nane ya usiku?

Na si kwamba wastani ni kitu kibaya siku zote. Mwaka 2011 watafiti walipima Facebook, watu milioni 721 waliokuwa wakiitumia wakati huo, wakapata wastani wa hatua 4.74. Namba hiyo inaaminika, kwa sababu waliangalia kwanza visiwa, wakakuta kisiwa kikubwa kimebeba asilimia 99.91 ya watu wote. Walioachwa nje ni wachache mno kuharibu maana. Kwangu mimi kisiwa kikubwa kilibeba watu 34 kati ya 60. Wastani wa aina ileile, maana tofauti kabisa.

Basi. Ningeweza kuishia hapo, nirekebishe sura ya nne, nipate alama zangu. Lakini Dokta aliniambia jambo moja wakati natoka: "Zile sita, rudi kwenye fomu zake. Nukta kuwa peke yake kwenye data si sawa na mtu kuwa peke yake."

Nikarudi chumbani nikazitoa fomu kwenye bahasha. Wawili kati ya wale sita hawakuwa wamerudisha fomu kabisa, na hakuna mwenzao aliyewataja. Huenda wana marafiki chungu nzima idara nyingine. Huenda siku ile walikuwa wagonjwa. Sijui, na grafu haijui. Wengine wanne walijibu, ila majibu yao hayakuwa kwenye orodha ya darasa. Mmoja aliandika "dada yangu yuko Mbagala". Mmoja aliandika "mama", basi, mama tu, na hakusema yuko mkoa gani. Mmoja alichora kistari.

Wa nne aliandika: "mama wa usafi wa ghorofa ya pili".

Nilikaa chini. Ile fomu niliikumbuka. Niliiona siku naingiza data, nikacheka kidogo, nikaona huyu hakuelewa swali. Haikuwa na namba yoyote ya darasa, kwa hiyo nikaiweka kama jibu batili. Hatua hiyo kwenye ripoti yangu inaitwa kusafisha data. Nilisafisha data, na nikamfuta mama wa usafi.

Ilibidi mimi, kati ya watu wote, nielewe. Mwaka wangu wa kwanza, wiki ya tano, nilishikwa na homa Ijumaa jioni. Chumba kilikuwa cha watu wanne. Wawili walikuwa mwaka wa tatu, wanarudi usiku mimi nimejifunika shuka, wanaondoka alfajiri mimi nimejifunika shuka, wanajua dogo amelala. Wa tatu alikwenda kwa ndugu zake wikiendi. Simu yangu haikuwa na salio, na hata ingekuwa nalo, nani nimpigie? Darasani nilikuwa najua sura tu. Nilitoka Songea na tranka moja, na aibu ya msichana anayeogopa Kiswahili chake kitachekwa. Nilikunywa maji ya bombani mpaka yakanitoka puani. Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita.

Jumatatu asubuhi mama wa usafi aligonga, akafungua, akasimama na fagio lake mkononi. "Mwanangu, una siku ya ngapi hapo?" Sikuweza kumjibu kwa sababu sikujua leo ni lini. Alinivalisha kanga yake, akanishusha ngazi, akaita bajaji na kuilipa yeye, na kule zahanati akakaa kwenye foleni huku kazi yake imelala. Ilikuwa malaria. Jioni alinipitishia uji kwenye chupa ya chai.

Ungenipa dodoso langu mwenyewe wiki ile, ningekuwa nukta ya pembeni. Na msaada ulionifikia ulipita kwa mtu ambaye hakuwa nukta. Nilipoanza utafiti nilijua kabisa kwa nini nimechagua swali la homa ya usiku. Halafu nilipochora mipaka ya mtandao nikaweka wanafunzi tu, kwa sababu vitabu vinasema uamue mapema nani yumo na nani hayumo, na orodha ya darasa ndiyo iliyokuwa rahisi kuipata.

Niliomba nafasi kwenye kikao cha kamati. Nawaambia ukweli, ni heri kurudia supu mara mbili kuliko kusimama mbele ya watu walioshabikia namba yako uwaambie waifute. Niliwaonyesha picha kwanza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa nukta za pembeni ni nini. Kaka mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwanzo ulitudanganya?" Nikamjibu kwamba namba ilikuwa ya kweli, sentensi niliyoivalisha ndiyo ilikuwa ya uongo, na sentensi ni yangu.

"Sasa tuandike namba ipi?" akauliza mwenyekiti.

Nikamwambia asiandike moja. Aandike kwanza visiwa ni vingapi na vina ukubwa gani: 12, na kikubwa kina watu 34. Aandike ni jozi ngapi zenye njia: asilimia 34. Wastani wa hatua autaje kwa jina lake kamili, hatua 3.0 ndani ya kisiwa kikubwa, si "kwa wanafunzi wote". Aweke na ufanisi, 0.15, ili mwakani wakipima tena wawe na cha kulinganisha. Na chini kabisa aandike kwamba wawili hawakurudisha fomu, kwamba watu waliruhusiwa majina matatu tu, na kwamba msaada wa nje ya darasa haukuhesabiwa. Akaguna, "Hiyo ni aya nzima." Ndiyo, ni aya nzima. Darasa la watu 60 linastahili aya.

Halafu nikawaambia habari njema, maana ilikuwepo. Visiwa 12 vinahitaji mistari 11 tu kuwa kitu kimoja. Watu 11 wakutanishwe na watu 11 sahihi, na hakuna atakayebaki bila njia. Mjumbe mmoja akarukia hapohapo: tumuombe CR orodha, tuwajue wale sita, tuwatafutie marafiki. Nilikataa. Tuliwaahidi watu kwamba hakuna atakayejua nani ni nani. Na hebu fikiria unagongewa mlango na kamati: "Habari, utafiti umeonyesha huna mtu." Njia salama ya kuwafikia sita ni kuwafikia wote 60, kila mmoja apewe mlezi kama jambo la kawaida, hata yule mwenye marafiki ishirini. Ndiyo maana mpango ule wa zamani ulikuwa na akili kuliko tulivyoupa sifa. Hapo nilikumbuka pia kuwaonya kwamba mstari mmoja ni uzi. Mlezi akienda mafunzo kwa vitendo, kisiwa kinakatika tena. Ni vizuri kila mtu awe na miwili.

Walikubali kuujaribu kwa muhula mmoja kwenye idara yetu. Zaidi ya hapo sina cha kujisifia. Ila nimeacha onyo kwa maandishi kwa atakayepima mwakani, na nalirudia hapa. Mpango ukifanya kazi, wastani wa urefu wa njia karibu hakika utapanda. Waliokuwa hawana njia watakuwa nayo, ndefu ndefu mwanzoni, hatua tano, hatua sita, nazo zitaingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza. Utaona 2.9 imekuwa 4 na ushee, na mtu atasema walezi wameharibu darasa. Mwambieni achore picha kwanza.

Baada ya kikao nilikwenda ghorofa ya pili ya hosteli ya mwaka wa kwanza. Mama aliyenibeba mimi hayupo tena. Kampuni ya usafi ilibadilishwa na hakuna aliyejua alikwenda wapi, na wala mimi sikuwahi kumuuliza jina lake, tulimwita mama tu. Niliyemkuta ni mwingine, mdogo kidogo, anapiga deki huku akiimba. Sikumwambia kwamba yumo kwenye fomu ya mtu. Nilimsalimia, nikamuuliza anaitwa nani, akaniambia. Nikamwambia na langu.